Matairi ya theluji kwenye gari dogo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na madereva wa Arusha na Moshi

Magari mengi madogo tunayoendesha huku Kaskazini, Vitz, Passo, IST, March na wenzao, yametoka Japani yakiwa yameshatumika, na baadhi hushuka bandarini yakiwa yamevaa matairi ya majira ya baridi. Vibanda vya matairi ya mtumba navyo vinayo, tena hupangwa mbele kwa sababu meno yake ni marefu na yanavutia. Msimamo wetu tunausema mapema: tairi la theluji halina kazi kwenye lami ya Moshi wala ya Arusha, na urefu wa meno usikushawishi kulinunua.

Tairi la theluji lina tofauti gani na tairi la kawaida?

Kwanza ni mpira wenyewe. Tairi la kawaida likikutana na baridi ya nyuzi 7 za Selsiasi kushuka chini huanza kukakamaa na kupoteza mshiko. La theluji limechanganywa ili libaki laini hata maji yanapoganda. Pili ni meno. Mifereji yake ni mirefu, na kila jino limechanjwa chale nyembamba nyingi, kama zimepigwa kwa wembe. Tairi linapokanyaga, chale hizo hufunguka, zikauma theluji na kufuta utando wa maji ulio juu ya barafu.

Zamani Wajapani walitumia matairi yenye misumari ya chuma. Misumari ile ilikwangua lami mpaka miji kama Sendai ikajaa vumbi la barabarani, na mwaka 1990 ikatungwa sheria ya kuyabana. Hapo ndipo matairi ya theluji yasiyo na misumari yalipotawala kabisa. Ndiyo maana ubavuni mwa mengi ya yanayotufikia pameandikwa STUDLESS, yaani halina misumari.

Nitalitambuaje nikiwa kibandani?

Inama usome ubavu. Ukiona neno STUDLESS au SNOW, umeshapata jibu. Tafuta pia alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji katikati yake. Majina yanayopatikana sana ni Blizzak ya Bridgestone, iceGUARD ya Yokohama, Winter Maxx ya Dunlop na X-Ice ya Michelin. Yote ni matairi mazuri sana huko kwao.

Kisha tazama herufi ya mwisho kwenye maandishi ya saizi. Matairi ya theluji ya Kijapani mengi yana Q, maana yake mwendo wa juu kabisa ni kilomita 160 kwa saa. Tairi la kawaida la gari dogo huwa na S, ambayo ni 180, au T, ambayo ni 190, au H, ambayo ni 210. Usiseme wewe hufiki 160 kwa hiyo haikuhusu. Herufi hiyo pia inakueleza tairi limejengwa kuhimili joto kiasi gani.

Kama maandishi yamefutika, tazama chale. Tairi la kawaida lina chale chache, au halina. La theluji lina chale kwenye kila jino, kuanzia bega hadi bega, nyingi zikiwa za kupindapinda. Bonyeza jino kwa ukucha. Kama bado halijazeeka, utahisi ulaini wake.

Tairi langu limeandikwa M+S. Nilitupe?

Hapana, usilitupe. M+S inamaanisha tope na theluji, lakini ni maelezo ya mtengenezaji mwenyewe na hailazimu tairi kupita jaribio lolote. Matairi mengi ya misimu yote, na yale ya magari ya safari, yana M+S na yanafaa sana huku. Alama ya mlima na chembe ya theluji ndiyo inayotolewa baada ya tairi kujaribiwa kwenye theluji. Hata hiyo peke yake haitoshi kulihukumu, maana siku hizi kuna matairi ya misimu yote yaliyoipata. Ukiona STUDLESS, Q na chale kila mahali kwenye tairi moja, hapo acha kubishana na muuzaji, nenda kibanda kingine.

Lakini mpira si mpira? Fundi wangu anasema tairi laini linashika barabara vizuri zaidi.

Fundi wako anakumbuka jambo moja la kweli: ulaini una uhusiano na mshiko. Ila ulaini unaohitajika kwenye barafu ukiuleta kwenye lami ya Februari, saa nane mchana, pale kati ya Boma Ng'ombe na Moshi, unageuka kuwa hatari. Hewa ikifika nyuzi 30 na kitu, lami yenyewe iliyo juani huvuka 50. Mpira uliotengenezwa kwa ajili ya sifuri hulegea kupita kiasi. Meno marefu yaliyochanjwa hayasimami imara. Unapokanyaga breki, kila jino linapinda na kujikunja kabla halijashika, na gari linaendelea kwenda mbele. Umbali wa kusimama unaongezeka, na ongezeko hilo ndilo linaloweza kummeza mtoto aliyekatiza barabara pale Tengeru siku ya soko.

Madereva hulieleza tatizo hili bila kujua chanzo chake. Wanasema gari linaelea, usukani haujibu upesi, ukikata kona linakuwa kama linakuja kwa kuchelewa. Wanapelekwa kubadilisha bushi na boljointi, wanalipia alaimenti mara mbili, na hali inabaki ile ile kwa sababu kinachopinda ni meno ya tairi. Kabla ya kufungua miguu ya gari, tafadhali soma kwanza ubavu wa tairi.

Kuna hasara nyingine mbili. Tairi hilo huisha haraka kwenye lami ya moto, kwa hiyo ule unene uliokuvutia hautakaa. Na kule kupinda kwa meno kunakula nguvu ya injini, nguvu ambayo ni mafuta uliyolipia.

Kwenye mvua je? Nilidhani yametengenezwa kwa utelezi.

Yametengenezwa kwa utelezi wa barafu na theluji. Utelezi wa lami iliyolowa, tena yenye uvuguvugu, ni mambo mengine. Kwenye lami ya namna hiyo matairi haya ya Kijapani ndipo yanapoonyesha udhaifu mkubwa, na breki zake huwa ndefu kuliko za tairi la kawaida lenye meno ya kutosha. Mvua ya kwanza ya vuli, inapochanganyika na vumbi na mafuta yaliyokaa barabarani tangu Juni, ni mtego mkubwa zaidi.

Na tope? Naishi Kibosho, masika sifiki nyumbani.

Hapa tuseme haki. Kwenye tope jepesi, mwendo mdogo, meno marefu yenye kingo nyingi yanaweza kukuvusha mahali ambapo tairi lililolika lingezunguka tu. Ndiyo maana watu wa Uru, Kibosho na Old Moshi wengine huyasifia. Ila udongo mwekundu wa miteremko yetu unanata. Chale zinajaa mara moja, mifereji inafuata, na baada ya hatua chache unaendesha juu ya tairi lililo kama kipara. Udongo mweusi wa mbugani ni mbaya zaidi.

Kinachosaidia kwenye tope la namna hiyo ni mifereji mipana inayoweza kujisafisha, pamoja na mwendo wa utulivu usiokatika. Kwa gari dogo la kuvuta mbele, chagua tairi la misimu yote lenye mifereji mipana na meno yasiyopungua milimita 4 au 5 kabla ya Machi kuingia. Panda kwa gia nzito, usipige resi, na usisimame katikati ya mlima. Pale barabara inapokuwa mfereji kabisa, acha gari kwa jirani wa chini upande kwa miguu au kwa bodaboda. Hakuna tairi la Vitz litakaloinua tumbo la gari.

Arusha Julai ni baridi kweli. Na nikienda Ngorongoro?

Ni baridi kwa mwili wa mtu, kwa tairi bado. Alfajiri ya Julai Arusha, mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, inaweza kushuka hadi karibu nyuzi 10, na jua likichomoza inapanda. Moshi iko chini zaidi na ni ya joto zaidi. Tairi la kawaida halijafikia kukakamaa. Theluji tunayoiona Kibo iko karibu na mita 5,895, na hakuna gari la familia linalofika huko.

Ukingo wa Ngorongoro uko kama mita 2,300, na usiku huko baridi huuma hasa. Lakini tatizo la dereva kule ni ukungu mzito, vumbi, na utelezi wa udongo mvua ikinyesha. Kwa hayo unahitaji taa za ukungu, subira na tairi zima. Kushuka kreta ni kwa magari yanayovuta magurudumu yote manne, kwa hiyo suala la Passo halipo. Ikikukuta mvua ya mawe njiani, punguza mwendo, ongeza nafasi na aliye mbele yako, usikanyage breki ghafla. Yale mawe huyeyuka upesi.

Desemba tunatoka Dar kwenda Moshi na Vitz yenye matairi haya. Yatafika?

Swali hili linatupa wasiwasi kuliko yote, kwa sababu safari hii inakusanya kila kitu kinachoua tairi: joto, uzito, mwendo na urefu wa njia. Kilomita zaidi ya 500, jua la Desemba, na kipande cha Korogwe, Mombo hadi Same ambacho mchana ni tanuri.

Tupige hesabu. Tairi la 165/70R14 81S, ambalo ni saizi ya kawaida ya Vitz, lina namba 81, maana yake linabeba kilo 462. Ukiweka tairi lenye namba 75, linabeba kilo 387, na manne yanafika kilo 1,548. Vitz tupu ina karibu kilo 1,000. Watu sita wazima ni kilo 400 hivi. Ongeza mchele, mafuta ya kula, blanketi za bibi, vinywaji vya sikukuu na mabegi, kilo 150. Umefika 1,550. Umeshavuka uwezo wa matairi, na bado mzigo haugawanyiki sawa: sehemu kubwa imelalia nyuma. Hesabu hiyo pia ni kwa tairi lenye upepo kamili. Upepo ukipungua, uwezo wa kubeba unashuka nao.

Sasa weka hapo tairi la theluji. Meno yake marefu na laini yanapinda zaidi, kwa hiyo yanazalisha joto zaidi. Joto linarudi kulegeza mpira uliokwisha kulegea. Kama tairi lina umri mkubwa, tabaka za ndani huanza kuachana. Dereva anasikia mtetemo kwenye kiti au usukani, anadhani ni barabara, na muda mfupi baadaye tairi linapasuka. Nyuma likipasuka gari linapiga mkia, na kwenye barabara yenye mabasi na malori yanayokuja upande wa pili huna nafasi ya kurekebisha.

Kwa hiyo tunakuomba kwa moyo wote: badilisha kabla ya safari, hata kama ni kukopa kwenye kikundi. Ukishindwa kabisa, panda basi, au safiri wawili wasio na mzigo, uanze alfajiri, mwendo usizidi 80, na kila baada ya saa moja na nusu usimame uguse matairi kwa kiganja. Likiwa na moto usiovumilika, pumzika mpaka lipoe. Usipunguze upepo tairi likiwa la moto, maana likipoa litakuwa pungufu, na ukiondoka hivyo litapata moto maradufu.

Naweza kununua mawili kwanza, mawili mwezi ujao?

Manne kwa pamoja ndiyo sahihi. Tunajua mshahara ulivyo, kwa hiyo kama ni lazima yawe mawili, yafungwe yote nyuma. Mafundi wengi watakuambia weka mbele kwa sababu ndipo panapovuta. Lakini nyuma ikiteleza kabla ya mbele, gari linageuka na dereva wa kawaida hawezi kulirudisha. Mbele ikiteleza kwanza, gari linakwenda moja kwa moja, na ukiachia mafuta linarudi. Mpaka upate mawili mengine, kumbuka breki zako bado ni ndefu.

Kitu kisichokubalika hata kwa siku moja ni tairi la theluji kushoto na la kawaida kulia kwenye ekseli moja. Ukishika breki kwenye mvua, gari litavutwa upande.

Nichague saizi gani?

Ile iliyoandikwa kwenye stika ya fremu ya mlango wa dereva. Wengi wanataka tairi kubwa ili gari linyanyuke. Kutoka 165/70R14 kwenda 175/65R14 hakuna kinachonyanyuka, kipenyo kinapungua milimita 3 na kitu. Ukienda 175/70R14 gari linapanda milimita 7 tu, na spidimita inaanza kudanganya: ikisoma 80, wewe uko karibu 82. Hakikisha pia haligusi matao ukikata usukani wote huku gari limejaa watu.

Mshale ubavuni unaonyesha tairi lizunguke kuelekea wapi. Neno OUTSIDE likae nje. Mafundi wa haraka huyapuuza haya, kwa hiyo simama pale uangalie.

Upepo kiasi gani?

Stika hiyo hiyo ya mlangoni inasema, ila kwa kPa, wakati geji za vibanda vyetu zinasoma psi. Gawa kwa 6.9. 220 ni 32, 230 ni 33, 240 ni 35. Pima asubuhi kabla hujatembea. Joto likishuka kwa nyuzi 5 au 6, upepo hupungua karibu psi 1, kwa hiyo tairi lililojazwa Moshi mchana likilala Arusha usiku wa Julai litaamka pungufu. Kulipiga teke si kulipima.

Usisahau spea. Yale matairi membamba ya dharura yanataka 420 kPa, yaani psi 60, na hayaruhusiwi kuvuka kilomita 80 kwa saa. Mengi tunayoyakuta kwenye buti hayana hata nusu ya upepo huo.

Umri wa tairi unasomwaje?

Tafuta tarakimu nne mwishoni mwa mstari unaoanza na DOT. 3519 ni wiki ya 35 ya mwaka 2019. Kuanzia miaka 5 likaguliwe kila mwaka, na likifika 10 liondoke hata kama meno yapo. Tairi la theluji likizeeka linapoteza ulaini uliokuwa sababu ya kuwepo kwake, linapata nyufa, na linabaki halifai baridi wala joto.

Usidanganywe pia na kipimo cha meno. Matairi ya theluji yana vituta viwili ndani ya mifereji: cha juu huonyesha limefika nusu na halifai tena theluji, cha chini huonyesha milimita 1.6, pale tairi lolote linapokuwa limekwisha. Muuzaji anayekuambia "bado nusu nzima hiyo" anakuuzia tairi ambalo mwenyewe wa Japani alishalivua.

Naagiza gari kutoka Japani. Nifanye nini mapema?

Omba picha ya ubavu wa kila tairi, maandishi yasomeke. Kama ni STUDLESS, omba bei ipunguzwe au weka gharama ya matairi manne kwenye bajeti yako tangu mwanzo. Halafu omba picha za chini ya gari. Mikoa ya theluji, kama Hokkaido, hunyunyiza chumvi barabarani, na chumvi hula chuma. Tairi la theluji ni dokezo kwamba gari huenda liliishi huko, na kutu ya chini itakugharimu kuliko matairi.

Mdogo wangu yuko Ujerumani, amenunua gari. Naye ayaepuke?

La, yeye ayafunge. Ujerumani sheria inadai matairi yanayofaa barabara ikiwa na theluji, barafu au utelezi wake, na tangu Oktoba 2024 yanayokubaliwa ni yenye alama ya mlima na chembe ya theluji, M+S peke yake haitoshi. Kwa kawaida wao huyafunga Oktoba na kuyavua karibu na Pasaka. Sweden ni kuanzia tarehe 1 Desemba hadi 31 Machi hali ya barabara ikiwa ya majira ya baridi, na Québec kule Kanada ni 1 Desemba hadi 15 Machi. Uingereza hailazimishi. Mwambie achague yenye meno angalau milimita 4, na asiyaendeshe mwaka mzima kwa uvivu wa kubadilisha, maana kiangazi cha huko nacho kitayamaliza.

Yale niliyovua nimpe nani?

Usimuuzie jirani mwenye Vitz kama yako. Hatari uliyoikimbia utakuwa umemhamishia. Usiyachome, moshi wake ni sumu. Waulize wachonga katambuga sokoni kama wanayataka, au yafanye kingo za bustani na bembea za watoto. Yakikaa nje, yatoboe chini maji yasituame, kwa sababu mbu wa dengue wanapenda sana kuzaliana humo.